Fiat Dino Coupé: gari la safari ndefu lililohukumiwa kwa nembo yake

Taja jina Dino mbele ya mpenzi wa magari ya Kiitalia, na karibu kila mara atawaza gari lilelile: fupi, limelala chini, viti viwili, injini nyuma ya mgongo wa dereva. Hiyo ni Dino 246 GT ya Maranello, mji wa kiwanda cha Ferrari, na leo anayeitaka ajiandae kutoa fedha nyingi. Wanaokumbuka kwamba injini yake ilifuliwa Torino, makao ya Fiat, na mafundi wa kampuni hiyo ni wachache. Na wachache zaidi wanakumbuka kwamba kabla gari hilo halijaonekana barabarani, injini ya ukoo huohuo ilikuwa tayari inauzwa chini ya boneti ya gari jingine lenye jina hilohilo, lenye viti vinne vya kweli na buti la kutosha mizigo ya watu wanaosafiri siku nzima.

Gari hilo ni Fiat Dino Coupé. Ninaamini limehukumiwa kwa nembo iliyobandikwa usoni mwake, si kwa kazi iliyokusudiwa. Lakini huwezi kulitetea kabla hujafumbua fundo lake, kwa maana historia yake imesukwa na kampuni mbili, mtoto mmoja aliyefariki, sheria ya mbio za magari na mahandisi waliokuwa wakihama kutoka kiwanda hadi kiwanda. Mtu akikosa uzi mmoja tu, gari lote linaonekana kama Ferrari iliyopunguzwa thamani. Na sivyo lilivyo.

Jina lilikotoka

Dino lilikuwa jina la nyumbani la Alfredo Ferrari, mtoto wa kiume wa Enzo Ferrari, aliyezaliwa mwaka 1932. Alisomea uhandisi, akaanza kufanya kazi katika kampuni ya baba yake, lakini maradhi ya kudhoofika kwa misuli yalimmaliza kidogo kidogo. Alifariki tarehe 30 Juni 1956 akiwa na miaka 24. Enzo alisimulia baadaye jinsi alivyokaa kando ya kitanda cha mwanawe pamoja na mhandisi Vittorio Jano, wakizungumzia injini ndogo ya silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V. Ni kiasi gani cha michoro ile kilitoka mkononi mwa kijana na kiasi gani kwa mzee Jano, wanahistoria wanaendelea kubishana. Lisilo na ubishi ni kwamba baba aliamua kila injini ya V6 itakayotoka kwake ibebe jina la mwanawe.

Jano hakuwa mgeni wa V6. Alikuwa ameshajenga heshima yake Alfa Romeo kabla ya vita, kisha akaenda Lancia, na akiwa huko Lancia ilitoa Aurelia ya mwaka 1950, gari la kwanza duniani kuundwa kiwandani kwa wingi likiwa na injini ya V6. Injini yenyewe ilikuwa kazi ya Francesco de Virgilio, chini ya usimamizi wa Jano. Mwaka uliofuata ikaja Aurelia B20 GT, gari la milango miwili ambalo wengi wetu tunaliona kuwa ndilo lililoweka kipimo cha aina hii ya magari: kasi ya mbio, lakini kwa mtu anayetaka kufika mbali bila kuchoka.

Mwaka 1955 Lancia iliishiwa fedha za mashindano ikakabidhi magari yake ya mbio kwa Ferrari, na Jano akaenda nayo Maranello. Wakati huohuo mhandisi mkuu wa Ferrari, Aurelio Lampredi, aliondoka akaajiriwa na Fiat. Jina la Lampredi tutakutana nalo tena.

Injini ya Dino ilianza mashindano mwaka 1957 katika Formula 2, daraja la chini ya Formula 1. Mwaka 1958 toleo lake kubwa zaidi lilimpa Mwingereza Mike Hawthorn ubingwa wa dunia wa Formula 1. Kwa hiyo jina Dino lilipofika kwenye gari la kuuzwa dukani, halikuwa pambo la kuuzia. Lilikuwa limeshinda.

Injini mia tano

Kufikia katikati ya miaka ya 1960, wasimamizi wa mbio walitangaza masharti mapya ya Formula 2, ya kuanza kutumika mwaka 1967. Injini isizidi sentimita za ujazo 1,600, silinda zisizidi sita, na bloku lake litokane na gari linalouzwa kwa umma, ambalo limetengenezwa angalau 500 ndani ya miezi 12.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililomkwamisha Enzo. Kiwanda chake kizima, kwa aina zote za magari, kilikuwa hakifikishi magari elfu moja kwa mwaka. Kutengeneza 500 ya aina moja, tena ya aina mpya kabisa, kulikuwa nje ya uwezo wake. Na kuiacha Formula 2 kulimaanisha kuacha uwanja ambamo vijana wa kuendesha Formula 1 hupikwa.

Akaenda Fiat. Makubaliano yalitangazwa mwaka 1965: Fiat itaunda gari la kifahari litakalotumia V6 ya Dino, na hesabu ya injini hizo ndiyo itakayoihalalisha ile ya mbio. Fiat nayo ilikuwa na sababu zake. Waitalia walikuwa wananunua magari kama hawajawahi kununua kabla, mifuko ya watu wa tabaka la kati ilikuwa imetuna, na kampuni iliyojulikana kwa magari madogo ya bei ya chini ilitaka kitu cha kusimamisha dirishani. Isitoshe, mwaka 1963 Ford ya Marekani ilikaribia kabisa kuinunua Ferrari kabla Enzo hajavunja mazungumzo. Torino hawakutaka kusikia habari kama hiyo mara ya pili.

Hapa ndipo fundo linapokazwa zaidi. Enzo angependa injini ziundwe kwake. Fiat ikaamua kuziunda yenyewe, Torino, kwenye mashine zake. Na aliyepewa kazi ya kuchukua injini ya mbio na kuifanya iweze kutengenezwa kwa mamia, ihudumiwe na fundi wa kawaida, na iwake asubuhi ya baridi bila kundi la makanika kuizunguka, alikuwa Lampredi. Mtu aliyeondoka Ferrari mwaka uleule Jano alipoingia, miaka kumi baadaye aliwekewa mezani matunda ya kazi ya Jano na kuambiwa ayafanye yafae watu wa kawaida.

Fiat Dino Spider, gari la wazi lililochorwa na kampuni ya usanifu ya Pininfarina, lilioneshwa Torino mwishoni mwa mwaka 1966. Coupé, lenye paa, lililochorwa na kujengwa na kampuni nyingine ya usanifu, Bertone, lilioneshwa Geneva mapema mwaka 1967. Dino 206 GT, ile iliyouzwa na Ferrari na iliyoitangulia 246 GT, ilifuata baada ya hapo na ikatengenezwa karibu 150 tu. Angalia mpangilio huo wa tarehe. Fiat Dino halikutoholewa kutoka kwenye gari la Maranello; lenyewe ndilo lililotangulia, na idadi yake ndiyo iliyotimiza sharti la 500. Mwaka 1968 gari la Formula 2 la Dino lilishinda kwenye viwanja vya Hockenheim na Vallelunga mikononi mwa Ernesto Brambilla, na ushindi ule ulisimama juu ya mabega ya magari yaliyokuwa yanapeleka watu kazini Milan.

Kuna jambo dogo linalonikera kila ninapolikumbuka. Fiat ilitaja nguvu ya injini ile ya lita mbili kuwa farasi 160. Ferrari ilipoonesha 206 GT ilitaja farasi 180. Injini zilitoka kwenye laini moja, mikononi mwa wafanyakazi walewale, bila mtu kujua ipi inakwenda wapi. Tofauti ya farasi ishirini kwenye karatasi ikatosha kuwafanya watu waamini kwa miongo kadhaa kwamba moja ni halisi na nyingine ni ya daraja la pili.

Ndani ya V6

Fungua boneti na utaona kwa nini injini hii haikupaswa kuwa kwenye gari la Fiat wakati ule. Kuna kamshafti nne, yaani shafti zinazofungua valvu, mbili juu ya kila safu ya silinda tatu, zinazoendeshwa kwa cheni. Katikati ya safu hizo mbili zimekaa kabureta tatu za Weber, kila moja ikiwa na koo mbili, ili kila silinda ipate koo lake. Hakuna silinda inayogombea hewa na jirani yake.

Nafasi hiyo ya katikati ndiyo siri ya pembe isiyo ya kawaida. V6 nyingi zina pembe ya nyuzi 60 kati ya safu mbili, kwa sababu hesabu zake ni rahisi. Dino ina nyuzi 65. Nyuzi tano za ziada zilimpa mhandisi upenyo wa kuweka kabureta kubwa zaidi na njia za hewa zilizonyooka zaidi kushuka kwenye valvu. Hewa ikipita bila kukunjwa sana, silinda inajaa vizuri hata injini inapozunguka kwa kasi kubwa, na hapo ndipo nguvu inapopatikana.

Lakini pembe hiyo ina gharama. Injini ya mipigo minne humaliza mzunguko wake wa kazi baada ya krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, kuzunguka nyuzi 720. Silinda sita zikiwaka kwa zamu iliyo sawa, kila moja inapaswa kuwaka nyuzi 120 baada ya iliyotangulia. Kama konrodi mbili, vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, za silinda zinazotazamana zingeshika sehemu moja ya krenki, pembe ya 65 ingeleta mwako usio sawa, injini ingetetemeka na sauti yake ingekuwa ya kuchechemea. Kwa hiyo kila konrodi ilipewa kishikio chake, na vishikio vya kila jozi vikapishana kwa nyuzi 55. Jumlisha 65 na 55 upate 120. Krenki kama hiyo ni ngumu kuichonga na ni ghali, lakini ndiyo inayofanya injini ipande kutoka chini hadi juu kwa mlio mmoja usiokatika.

Vipimo vya silinda navyo vinasema mengi. Katika toleo la lita mbili, lenye sentimita za ujazo 1,987, upana wa silinda ni milimita 86 na mwendo wa pistoni ni milimita 57 tu. Silinda ni pana na fupi. Faida ya kwanza ni kwamba upana unatoa nafasi ya valvu kubwa. Ya pili ni kwamba pistoni haina safari ndefu: kwa mizunguko 7,200 kwa dakika, ambapo nguvu hufikia kilele, kasi yake ya wastani ni chini kidogo ya mita 14 kwa sekunde. Injini yenye mwendo wa milimita 80 kwa mizunguko hiyohiyo ingekuwa inapita mita 19. Ndiyo maana Dino inakubali kupigwa resi mpaka karibu 8,000 bila kuonesha kwamba inaumia, kwenye gari lililoundwa wakati magari mengi ya kawaida yalikuwa yanalia kwa mateso kwenye 5,500.

Ubaya wa injini ya namna hii ni kwamba chini haina msuli. Nguvu ya kuvuta ya toleo la lita mbili inafikia kilele karibu na mizunguko 6,000. Dereva aliyezoea kubadilisha gia mapema, akiogopa kelele, hataona kitu cha ajabu, na atashuka akisema hili ni gari la kawaida lenye jina kubwa. Nadhani hukumu nyingi mbaya juu ya gari hili zilitoka kwa madereva wa aina hiyo. Dino inataka uivumilie kwenye gia ya tatu, uache mguu kwenye mafuta, usubiri. Ikipita 4,000 sauti inabadilika, mvumo wa kabureta unachanganyika na wa cheni, na kuanzia 5,000 gari linakwenda kama limeamua lenyewe.

Coupé na kazi yake

Spider ndiyo inayopigwa picha, na ninaielewa sababu. Ni nzuri. Lakini Bertone walipewa kazi tofauti na wakaifanya kwa akili. Waliongeza nafasi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kutoka milimita 2,280 za Spider hadi 2,550, wakaweka viti viwili vya nyuma vinavyokalika na watu wazima, madirisha makubwa, nguzo nyembamba na paa linaloteremka taratibu hadi mkiani. Mbele kuna taa nne za duara ndani ya grili. Hakuna kinachopiga kelele. Ukilisimamisha kando ya gari jekundu la Maranello, jicho litakwenda kwa lile jekundu kwanza, na litarudi kwa Coupé baadaye, kwa utulivu.

Magari ya aina hii yanaitwa gran turismo, na ili kuelewa maana yake kwa Italia ya wakati ule, kumbuka Autostrada del Sole. Barabara hiyo kuu kutoka Milan hadi Napoli, zaidi ya kilomita 750, ilikamilika mwaka 1964. Ghafla mtu aliweza kutoka kaskazini asubuhi na kulala kusini, na gari lake lilihitaji sifa ambazo gari la mbio halina: viti visivyoumiza mgongo, hewa, mwonekano wa pande zote, tanki na buti vya kutosha, na injini inayoweza kukaa saa nzima karibu na kilomita 160 kwa saa bila kuchemka. Dino 206 GT haikuundwa kwa safari hiyo. Coupé iliundwa kwa hiyo hasa, ikafika hadi karibu kilomita 200 kwa saa ikiwa imebeba watu wanne.

Toleo la kwanza lilikuwa na dosari moja ya wazi. Ekseli ya nyuma ilikuwa kipande kimoja kigumu, kimeshikiliwa na springi bapa na kutulizwa na shokabsoba nne. Kwenye lami nzuri haina shida. Kwenye kona yenye mashimo, gurudumu moja likirushwa juu linaliambukiza lenzake, na mkia unapoteza utulivu. Fiat ilijua, na mwishoni mwa mwaka 1969 ikaleta Dino 2400.

Mabadiliko yake yalikuwa makubwa kuliko jina linavyoonesha. Injini ilikua hadi ujazo wa 2,418, na bloku la alumini likabadilishwa kwa chuma cha kusubu, kizito zaidi lakini kigumu na cha gharama nafuu kukisubu. Nguvu ilipanda hadi farasi 180, na muhimu kuliko hiyo, nguvu ya kuvuta iliongezeka sana na kilele chake kikashuka hadi karibu mizunguko 4,600. Giaboksi ya gia tano sasa ilitoka ZF ya Ujerumani. Nyuma kukawekwa mfumo wa kila gurudumu kujitegemea, uliotokana na ule wa Fiat 130. Na kwa kuwa mwaka huohuo wa 1969 Fiat ilinunua nusu ya hisa za Ferrari, uunganishaji wa 2400 ulihamishiwa Maranello, sambamba na Dino 246 GT. Kwa hiyo kuna Fiat zilizotoka mlango uleule wa kiwanda na zile zinazoitwa Dino halisi.

Wapo wanaoshikilia kwamba injini ya alumini ya lita mbili ndiyo tamu zaidi, na kwa mlio pekee siwezi kuwapinga. Lakini ukiniuliza gari la kusafiria, nachagua Coupé 2400 bila kusita. Linavuta mapema, mkia wake hauogopi barabara mbovu, na halikulazimishi kuwa dereva wa mbio kila dakika. Limetimiza kile ambacho toleo la kwanza lilikuwa linakiahidi.

Lilivyosahaulika

Hadi uzalishaji ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, zilikuwa zimetengenezwa Coupé zaidi ya 6,000 kidogo na Spider karibu 1,600. Si haba kwa gari la aina hii, na hiyo yenyewe ni sehemu ya tatizo: wakusanyaji wanapenda vitu adimu. Halikutengenezwa na usukani wa kulia, kwa hiyo Uingereza na nchi nyingine zinazoendesha kushoto, zetu zikiwemo, zilikosa. Halikupelekwa rasmi Marekani, soko ambalo kwa miaka mingi ndilo lililoamua gari gani la zamani liitwe hazina. Na mtu aliyekuwa na fedha za kutosha kwa gari la kifahari alisita kuzipeleka kwenye duka lililokuwa pia linauza Fiat 500.

Pigo baya zaidi lilikuja baadaye, na lilitokana na injini yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Lancia, iliyokuwa imeshanunuliwa na Fiat, iliunda Stratos, gari dogo la kabari lililokusudiwa mashindano ya rali tu, na ikaiwekea V6 ya Dino ya lita 2.4 nyuma ya viti. Stratos ilitwaa ubingwa wa dunia wa rali mwaka 1974, 1975 na 1976. Waliokuwa kando ya barabara za Safari Rally ya mwaka 1975 waliisikia injini hiyo kwa masikio yao: Ove Andersson alishinda na Peugeot 504, lakini nyuma yake walimaliza Sandro Munari wa pili na Björn Waldegård wa tatu, wote wawili kwenye Stratos. Injini iliyoanza maisha yake kwa ajili ya viwanja laini vya Ulaya ilistahimili vumbi na matope ya huku kwetu kwa maelfu ya kilomita. Lampredi aliifanya kazi yake sawasawa.

Stratos na 246 GT zilipopanda bei, watu walianza kuangalia Fiat Dino Coupé kama ghala la spea. Bodi ilikuwa inaoza kwa kutu, thamani yake ilikuwa ndogo, na chini ya boneti kulikuwa na V6 ambayo kwa marekebisho kiasi ingeweza kwenda kwenye gari la thamani mara kumi, au kwenye nakala ya Stratos iliyojengwa karakana. Coupé nyingi ziliuawa hivyo. Injini ilitolewa, kilichobaki kikapelekwa kwenye vyuma chakavu. Sioni njia ya kulieleza jambo hilo bila uchungu, maana kila moja iliyokatwa ilikuwa na historia yake kamili, na hakuna kiwanda kitakachoirudisha.

Kwa anayelitafuta

Bei zimepanda katika miaka ya karibuni, hasa za Spider, lakini Coupé bado linapatikana kwa sehemu ndogo ya gharama ya ndugu zake wa Maranello. Anayeanza kutafuta asianzie kwenye injini, japo ndiyo inayovutia. Aanzie kwenye bodi. Chuma cha Kiitalia cha miaka ile kilikuwa na kinga hafifu dhidi ya kutu, na Coupé huoza chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu, sakafuni na pembeni mwa kioo cha mbele. Vipande vya bodi na mapambo ya Bertone havipatikani kirahisi. Mara nyingi inabidi fundi achonge kwa mkono. Injini ina faida kwamba spea zake nyingi zinatafutwa na wamiliki wa 246 na Stratos pia, kwa hiyo zinaendelea kutengenezwa, ingawa zinauzwa kwa bei za wamiliki hao.

Kabla ya kulijaribu, hakikisha injini ni baridi. Sikiliza cheni za taiming sekunde za kwanza baada ya kuwaka: mkwaruzo unaotulia mafuta yakipanda unaeleweka, unaobaki ni dalili ya matengenezo makubwa. Usikubali muuzaji apige resi mapema. Alumini na chuma hupanuka kwa viwango tofauti, na injini hii inataka ipate moto polepole. Kabureta zikiwa hazijasawazishwa, gari litakohoa na kusitasita kati ya mizunguko 2,000 na 3,000, na wengi hudhani ni ubovu wa ndani. Mara nyingi ni kazi ya asubuhi moja kwa fundi mwenye sikio na subira, akizilinganisha koo sita moja baada ya nyingine hadi zote zivute hewa sawa.

Kisha angalia namba, kwa sababu ya ile biashara ya kuhamisha injini. Chasi ya Coupé la lita mbili huanza na 135AC, na injini yake ni ya aina 135B. La 2400 lina chasi ya 135BC na injini ya 135C. Ukikuta injini yenye alama ya 135CS, hiyo iliundwa kwa ajili ya 246 GT, na kuna mtu mahali fulani aliyebadilishana. Gari linaweza kuwa linatembea vizuri sana, lakini muuzaji anapaswa kukueleza, kwa karatasi, ile ya kwanza ilikwenda wapi.